Mariamu Aliyezungumza na Punda

Mimi sikuwa tasa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kule walinipachika jina hilo kabla sijatimiza miaka ishirini na miwili, na wengine wamekufa bila kuniomba radhi. Watoto sita nilikuja kuwazaa baadaye, kwa mume mwingine. Lakini siku ninazozikumbuka hapa nilikuwa na miaka mitatu katika ndoa yangu ya kwanza, Iramba, na mume wangu alikuwa Tanga kwenye mkonge. Kodi ya Mwingereza ilimtoa nyumbani miezi minne baada ya arusi. Akapanda gari moshi Itigi, akaja kurudi mara moja tu, wiki mbili, tena na kidonda mguuni. Mtoto angetoka wapi? Kwa barua? Na barua zenyewe hakuandika.

Hayo mama mkwe hakutaka kuyasikia. Kwake mimi nilikuwa Mnyaturu aliyeletwa kutoka Sepuka kuja kumaliza mtama wa watu. Jirani akijifungua, wanawake walipokezana kichanga, kikifika kwangu mmoja anawahi kukichukua: "Lete, asije akalia." Hakikuwa kikilia. Nilirudi shambani nikapiga jembe mpaka viganja vikachubuka, maana ningefungua mdomo ningemtukana mtu.

Mwaka ule, mvua za kwanza ziliponyesha, nikasikia kisimani kwamba wazee wamekaa. Walisema nirudishwe kwetu baada ya Krismasi, nikamsubirie mume huko. Kila mtu anajua maana ya kumsubiria mume kwenu. Nilibeba mtungi wangu, nikawa nawaza nitafanya nini.

Basi Jumapili iliyofuata bibi wa misheni, mzungu mgeni aliyekuwa hajamaliza mwaka kwetu, akatangaza mchezo wa Krismasi. Miaka yote Mariamu alikuwa msichana wa shule. Mwaka uliopita msichana huyo alicheka mbele ya malaika mpaka akaanguka, kanisa zima likacheka naye. Safari hii, bibi akasema, mchezo utakuwa wa familia, akina baba na akina mama na watoto wao, na Mariamu atakuwa mtu mzima. Anayetaka aje Jumamosi ajaribiwe sauti. Na mtoto atakuwa mtoto wa kweli, wa yule atakayekuwa amejifungua karibuni.

Mtoto wa kweli! Nilibaki pale kwenye benchi wenzangu wakitoka. Nikajiambia, nikimpata yule mtoto mikononi, mbele ya kanisa zima, nani atathubutu kunirudisha? Watamrudishaje mwanamke waliyemwona siku ya Krismasi amekaa na Bwana mapajani? Na Mungu naye ana macho. Labda akiniona hivyo atakumbuka. Msinicheke, nilikuwa mtoto wa watu niliyebanwa.

Kulikuwa na jambo moja gumu. Mwenye nyumba ya wageni, yule anayewafukuza Yusufu na Mariamu mlangoni, alikuwa baba mkwe wangu. Alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti nzito, na nafasi ile hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Sasa kwa desturi yetu mkwe hatazamwi. Nikimwona anakuja njiani natoka njiani, naingia majanini hata kama kuna miiba, najifunika kaniki usoni, napiga magoti mpaka apite. Katika miaka mitatu nilizijua nyayo zake na kikohozi chake. Uso wake nisingeweza kuwaeleza. Kukiwa na jambo la haraka, nakiambia kitu kilicho karibu: "We kuku, mwambie baba ng'ombe wameingia kwenye uwele." Naye hujibu hivyo hivyo, amenipa mgongo: "Kinu, mwambie mke wa mwanangu nimesikia." Tuliishi vizuri tu kwa namna hiyo.

Lakini nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Kila mwaka mwenye nyumba alijibu akiwa nyuma ya mkeka uliotundikwa kama mlango, anasikika tu. Mkeka ukiwapo, mimi sina kosa. Mariamu anabisha, sauti inajibu, basi.

Jumamosi tulifika wanawake wanne, tumetoka kupanda, udongo bado kwenye kucha, na watu wamejaa mabenchini kututazama. Bibi alikuwa amemwingiza punda wa misheni kanisani, yule abebaye maji, eti azoee. Punda akaanza kula majani ya mapambo. Watatu wa kwanza walijaribiwa wakasema kwa sauti ndogo. Zamu yangu nikasema maneno ya kumjibu malaika mpaka mwalimu wa kwaya akainua kichwa. Nilikuwa nimeyarudia shambani wiki nzima, nayasomea mahindi. Bibi akapiga makofi. "Huyu!" akasema. "Sasa mlangoni, na mwenye nyumba."

Nikageuka kuutafuta mkeka. Haukuwapo. Bibi alikuwa ameuondoa, alitaka watu wamwone mwenye nyumba anavyokataa. Pale palikuwa na miguu miwili ninayoijua, imesimama hatua tatu kutoka kwangu.

Loo! Nilivuta kaniki haraka, nikapiga magoti chini. "Simama," bibi akasema kwa upole. "Mwombe nafasi." Sikujua la kufanya. Nikaona kwato karibu na mkono wangu, nikazigeukia kwato: "Punda, mwambie baba mwenye nyumba tumetoka mbali. Mwambie nimechoka, tumbo ni zito. Atupe pa kulala hata zizini."

Wakaangua kicheko, lakini cha wema. Bibi mmoja mzee nyuma kabisa akapiga kigelegele: "Huyo ndiye mkwe!" Hata miguu ile niliiona inajikanyaga kidogo, kama mtu anayezuia kucheka. Kwa dakika moja nilidhani nimeshinda.

Bibi wa misheni peke yake hakucheka. Mwalimu wa kwaya akamwinamia akamweleza kwa sauti ya chini. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaja akanishika bega. "Mama, kanisani hakuna mkwe. Sote ni ndugu. Mariamu hakusema na punda. Mtazame usoni, useme naye."

Hapo mtu mmoja tu angeweza kuniokoa. Mzee mwenyewe. Angesema neno moja, "Rudisheni mkeka," au angegeuka tu. Nilisubiri. Alikohoa tu. Alikuwa mzee wa kanisa, hakutaka mzungu aone kwamba desturi ya nyumbani ina nguvu kwake kuliko neno la misheni. Akaniachia mimi mzigo wote.

Nilimtaka yule mtoto. Nasema kweli, niliinua kidevu kidogo, nikaona ncha ya fimbo yake, nikaona kidole chenye pete ya shaba. Nikaona aibu yake itakavyokuwa, mzee mzima kukodolewa macho na mke wa mwanawe mbele za watu. Nikainamisha kichwa. "Siwezi, bibi," nikasema. "Samahani." Nafasi wakampa mama wa watoto wanne, mwenye sauti ya kuku mgonjwa.

Njiani nililia, lakini ndani nilikuwa na tumaini. Nilijua mzee ameona. Nimemstahi mbele ya kanisa, nimeikosa nafasi kwa ajili yake, hawezi kulisahau. Wema hauozi, mama yangu alikuwa akisema.

Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Wamsamehe punda wa watu, yeye hakunipiga. Siku ya nne, Krismasi yenyewe haijafika, nilikuwa natwanga uani asubuhi. Nikasikia kikohozi, nikajifunika, nikapiga magoti. Akasimama amenipa mgongo. "Kinu," akasema, "mwambie mke wa mwanangu afungashe. Kaka yake tumemwita, atamkuta njia panda. Akamngoje mume kwao."

Kinu! Nilikitazama kinu chenyewe, mtama nimeutwanga nusu. Hata kunifukuza kwenyewe alinifukuza kwa adabu.

Sijui ni nini kilichopanda kichwani. Niliweka mchi chini. Nikajifunua kaniki, nikainuka, nikakizunguka kinu, nikamzunguka na yeye, nikasimama mbele yake. Nikamtazama. Miaka mitatu, na ndiyo mara ya kwanza. Uso mdogo, wa kawaida tu, jicho moja lina mtoto wa jicho. Alikuwa anafanana na mume wangu kuliko nilivyofikiri.

"Baba mwenye nyumba," nikasema, kwa sauti yote niliyonyimwa kanisani. "Nimetoka mbali. Nimechoka. Nipe pa kulala, hata zizini."

Mama mkwe akatoka ndani na mwiko mkononi. Majirani wakasimama kwenye mashamba yao. Maneno ya kujibu alikuwa nayo, aliyasema kila Krismasi bila kukosea hata neno moja. Nikamngoja ayaseme.

Hakuyasema. Akashika pindo la shuka lake, akajifunika uso. Kisha akatoka njiani, taratibu, akiipapasa ardhi kwa fimbo, akaingia kwenye miiba ya ua wa ng'ombe, na akasimama humo ameinamisha kichwa mpaka nilipopita.