Mizinga Thelathini ya Mama Mkwe

Marais hupigiwa mizinga ishirini na moja. Mama mkwe wangu alikuwa nayo thelathini, na askari wakaja kumkamata kwa sababu hiyo.

Sitanii. Walikuja kumi na mbili, kofia za chuma kichwani.

Mimi ni fundi seremala. Mama mkwe ni mwenyekiti wa akina mama wanaolinda msitu ulio juu ya chemchemi yetu. Msitu ukienda, maji yanaenda, na sote tunabaki kulamba midomo.

Basi tajiri mmoja wa mbao akapata kibali cha kuukata kuanzia Jumatatu. Mama akakisoma chote, hata yale maandishi madogo ya mwisho ambayo wanaume huwa tunayaruka. Yalisema: mti wenye mzinga wa nyuki usikatwe.

"Mkwe, nitengenezee mizinga thelathini kabla ya Jumapili."

"Mama, nyuki tutawatoa wapi?"

"Nimekuagiza nyuki?"

Nikachukua msumeno. Mama mkwe habishiwi.

Jumapili asubuhi tukaitundika yote, mitupu, kwenye miti ya mwanzo kabisa, lori lisipate pa kupita.

Mlinzi wa tajiri akaona, akapiga simu.

"Bosi! Wamama wamejaza mizinga msituni! Yote imeelekea barabarani!"

Tajiri wa watu, asali anaijua ikiwa kwenye chupa tu. Akakimbilia polisi.

Sajini alipoona vile visanduku, alicheka mpaka akakaa chini. Tajiri akaona anaumbuka. Akausogelea mzinga mmoja, akauona muhuri wake kwenye ubao, akadhani amepata pa kutokea.

"Wezi hawa! Mbao zangu hizi! Tazama muhuri!"

"Una hakika ni zako?" Sajini akauliza.

"Kabisa! Nilizipasua humu humu mwezi uliopita!"

Sajini akafungua daftari.

"Kibali si kinaanza kesho, baba?" Mama akauliza, mpole kama hajui kitu.

Weee! Mdomo ulimponza. Kibali kikachukuliwa palepale, naye akapandishwa kwenye gari lililokuja kutubeba sisi. Vigelegele vikapigwa, na mimi mluzi juu.

Tajiri akachungulia dirishani.

"Na huyo fundi mbona mnamwacha? Mwaka mzima ananunua kwangu kwa mlango wa nyuma!"

Wamama wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sajini akanitazama, akamtazama Mama. "Huyu nakuachia wewe."

"Mkwe," Mama akasema taratibu, "na kile kitanda ulichonitengenezea?"

"Cha humu humu, Mama."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikwenda nyumbani, akakitoa kitanda nje, akatandika mkeka sakafuni.

"Sikilalii mpaka upande miche mia, na yote ishike."

Mpaka leo imeshika themanini na tatu. Mgongo umekwisha, mke wangu ananijibu kwa mkato, na kila nikimwona Mama anajinyoosha kiuno asubuhi, roho inaniuma kweli.

Kumbe msitu haumalizwi na mwenye shoka peke yake. Anaumaliza na mteja wake, na mteja nilikuwa mimi, niliyeshika nyundo huku najiona mlinzi.

Ndugu yangu, ukinunua mbao, uliza zimetoka wapi. Uliza wewe kwanza, kabla mama mkwe hajauliza.