Sahihi Chini ya Vipimo

Fundi cherehani wa mtaa ule alikuwa kiguu na njia hata akiwa ameketi. Mguu kwenye pedali, jicho moja kwenye sindano, la pili mlangoni, na mdomo haupumziki. Watu walimwita Mama Pirika, naye aliitika bila kinyongo. Siku za kuhakiki daftari la wapiga kura, hakumkabidhi mteja nguo kabla ya kumuuliza, "Jina lako umeliangalia?" Ukijibu bado, suruali yako ilirudi kabatini mpaka uende ukaliangalie.

Safari hii jambo lilimwingilia nyumbani. Zahanati ilibandika tangazo kwamba wodi ya wazazi ingefungwa mwisho wa mwezi, na bintiye alikuwa na mimba ya miezi minane. Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa gari, ukilipata hilo gari. Kanuni ya baraza la mji ilikuwa wazi: wakazi mia mbili wakitia sahihi ombi, likafika kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi, madiwani walilazimika kulijadili kwanza. Likichelewa, basi tena.

Alianza Jumatatu. Karatasi hakuwa nazo, na kungoja si kazi aliyoiweza. Alichokuwa nacho ni daftari lake la vipimo, kila mteja na ukurasa wake. Akaandika ombi ukurasa wa mwanzo, kisha kila mwanamke aliyeingia akamfungulia ukurasa wake, atie sahihi hapo hapo, chini ya kifua, kiuno na nyonga. Alijipongeza kwelikweli. Nani angesema sahihi hizi za kughushi, na kila moja imekaa na mwili wa mwenyewe? Jumatano jioni alikuwa nazo mia mbili na tatu.

Alhamisi asubuhi mke wa mwenye bucha alikuja kuchukua gauni.

"Hilo daftari unalipeleka barazani hivyo hivyo?"

"Ndiyo, shoga yangu. Saa tano niko pale."

"Na nyonga zangu je?"

Mama Pirika akalifunga daftari. Miaka ishirini hajamwonyesha mtu ukurasa wa mwenzake. Ndiyo maana wanawake walimwamini. Mke wa mwenye bucha alikuwa amewaapia mawifi zake kwamba amepungua, na mtaa mzima ulikuwa na namba zake za kusema na namba zake za kweli. Za kweli zilikuwa mle.

"Karani wa pale ni shemeji yangu!" alisema yule mama. "Nitamtazamaje usoni?"

"Nikuchanie ukurasa wako?"

Mke wa mwenye bucha alichukua gauni lake akatoka, hata chenji hakungoja.

Mama Pirika alitazama saa. Kukusanya sahihi upya kwa saa tatu, haiwezekani. Kulipeleka bila kuwaambia wenyewe, angelala vipi? Alisimama, akakaa, akakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa, akamfokea paka wa jirani. Bintiye alipita dirishani, mkono kiunoni, akihema. Hapo akalitia daftari kwapani, akafunga kibanda. Angepita nyumba kwa nyumba, anayetaka kuchaniwa achaniwe, hata zikibaki hamsini.

Nyumba ya kwanza hapakuwa na mtu. Ya pili vilevile. Ya tatu mtoto alimwambia kwamba mama na wenzake wamefuatana na mke wa mwenye bucha kwenda barazani. Mama Pirika akakata tamaa. Wamekwenda kunikana, alijisemea, akakimbia mpaka kandambili moja ikakatika.

Kweli aliwakuta barazani, wamejaa ukumbini na nje. Alipita katikati yao mpaka mezani kwa karani. Karani alilipokea daftari, akafunua kurasa chache, akakunja uso.

"Mama, hivi ni vipimo vya nguo. Nitajuaje kwamba hawa wamekubali vije hapa?"

Mke wa mwenye bucha akajipenyeza mbele.

"Shemeji, fungua ukurasa wa kumi na saba. Nyonga hamsini na mbili. Ni mimi, na hiyo sahihi ni yangu. Ukicheka, nyama utakula kwa kusimuliwa."

Karani hakucheka. Nyuma ya mke wa mwenye bucha mwalimu wa chekechea alitaja kiuno chake. Kisha muuza mkaa, tena kwa sauti ya kuita wateja. Waliendelea hivyo, wengine wakijificha nyuma ya mtandio, na muhuri ukawa unagonga ukurasa baada ya ukurasa.

Ilipobaki dakika nane kutimia saa sita, karani akainua kichwa.

"Sahihi ya mleta ombi siioni. Bila hiyo sipokei."

Mama Pirika hakuwa na ukurasa wake. Nguo zake alizikata kwa kukisia, pana, ili asijue vipimo vyake. Alifungua ukurasa mtupu akaandika jina haraka haraka.

"Na vipimo," alisema mke wa mwenye bucha. "Sisi tumesema."

Aliichukua futi iliyoning'inia shingoni mwa fundi, akamzungushia nyongani. Mama Pirika aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na chini ya haya hiyo akaona kwamba hajawahi kuwapenda watu hawa kiasi hiki.

"Hamsini na nne," alisema yule mama, ukumbi mzima ukisikia. "Andika."

Akaandika, na karani akapiga muhuri juu yake.