Omena Kwenye Sanduku la Mota

Mimi si mtu wa mchezo, na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Miaka ya themanini nilikuwa nikipika chai katika kiwanda cha mafuta ya kula hapa Kisumu. Mota kubwa zilikuwa mbili, zote kuukuu. Moja iliendesha mashine, na nyingine ilikuwa imesukwa waya upya, ikapakwa vanishi, ikawekwa ikauke ndani ya sanduku la bati lenye taa kali.

Wiki hiyo mvua ilikataa kukatika na omena zangu, wale dagaa wa ziwani, zilitaka kuoza. Nikaona joto lile linapotea bure. Nikazitandaza juu ya mota, nikafunga mlango.

Saa nne fundi mkuu, Bwana Singh, akaja mbio akinusa hewa. "Mota inaungua! Zima kila kitu!"

Kiwanda kikanyamaza. Mota ile ya mashine ikifa, hakuna kazi tena. Bwana Singh akapiga magoti akainusa. "Mbona hii iko sawa?"

Wafanyakazi wakalalamika kwamba kuna kitu kinanuka. Mimi omena nimezizoea, sikusikia harufu yoyote ngeni. Nikawagombeza: "Nyinyi wanaume hamuogi! Vueni viatu!"

Wakavua wote, hata Bwana Singh. Harufu ikazidi.

Ndipo paka wa stoo akaanza kukwaruza sanduku. Bwana Singh akalifungua. Omena zilikuwa zimenata kwenye vanishi ya waya mpya, zimekauka vizuri, zikitutolea macho.

"Mama," akauliza polepole, viatu mkononi, "hii samaki ni ya nani?"

Wanaume wote, miguu mitupu, wakanigeukia.