Mahindi ya Mitwaba kwa Mizani ya Ufaransa

Kuna siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na leo nakupa wewe, maana nimekuona ukitazama namba kwenye kompyuta yako hadi mabega yakashuka.

Ilikuwa miaka ile mibaya. Vita vilikuwa vimefunga njia za mashariki, na hapa Lubumbashi migodi ilikuwa ikifukuza watu. Nilikuwa kijana, nikifanya kazi kwa dada mkubwa tuliyemwita Yaya Mado, kule mtaa wa Hewa Bora. Tuliwatengenezea wafanyabiashara kurasa za mtandaoni na kuwachagulia maneno, yaani yale maneno mteja anayoandika akitafuta kitu.

Asubuhi moja akaingia Papa Kambale, muuzaji wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini. Malori yake, yaliyokuwa yakileta bidhaa kutoka kwao, yalikuwa yamelala uani, na mbele yamebandikwa karatasi: à vendre, yaani yanauzwa. Alitaka kuyageuza yabebe mahindi ya Mitwaba na mizigo ya Kambove, sehemu za mkoa wetu, lakini wateja wa huku hawakumjua.

"Nikiuzisha," akasema, "bashofere bangu bataenda wapi na batoto?"

Nikafungua chombo chetu cha kupimia maneno, kile kinachoonyesha kama kufika mbele kwenye matokeo ya utafutaji kwa neno fulani ni rahisi au ni vigumu. Kongo haikuwemo kwenye orodha ya nchi zake. Nikachagua Ufaransa, kama tulivyofanya wote mjini, si tunaandika Kifaransa? "Transport maïs", yaani usafirishaji wa mahindi, likatoka jekundu: gumu sana. "Camion Mitwaba", lori la Mitwaba, likatoka sifuri: hakuna anayelitafuta. Nikamwambia mzee kwamba la kwanza hatuliwezi na la pili halina watu. Akavaa kofia yake.

Yaya Mado akaweka chini kikombe cha chai. "Ngoja kwanza, Papa. Na weye, unapima mahindi ya Mitwaba na mizani ya France?"

Akaandika maneno yaleyale kwenye simu yake, kama mtu wa hapa, akanigeuzia. Mbele kabisa ilikaa kampuni ya bandari ya Ulaya, ikifuatiwa na kamusi, kisha habari ya zamani ya lori lililopinduka.

"Kuko hata mumoja mwenye anaweza kubeba mufuko huku? Hakuna! Sasa unaogopa nani?"

Ee, nilimpenda yule mama siku ile! Mwingine angeishia hapo kwa kujisifu. Yeye hata ile sifuri hakuiamini, wala neno lake hakulitupa. Alichukua mkoba wake, tukaenda kwenye parking wanapopakia watu wa Mitwaba, akawauliza wamama wa mahindi wanaandika nini kwenye simu wakitafuta gari. Wanaongea Kiswahili mchana kutwa, lakini simu wanaiandikia Kifaransa: "camion Mitwaba Lubumbashi prix", yaani na bei yake. Wengine walikuwa wametafuta wiki ileile wakakosa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na chombo chetu hakijawahi kulala Mitwaba.

Tukaandika ukurasa kwa maneno ya wale wamama: njia, mzigo, namba ya simu. Kisha tukangoja. Sikudanganyi, lori moja liliuzwa tukiwa tunangoja, nikaumia sana.

Papa Kambale alikuwa ofisini kwetu simu yake ilipolia. Sauti ya mwanamke ikasikika hadi kwangu: "Allô? Ni kwenu kule banabebaka mahindi? Huku Mitwaba mifuko inaanza kuoza!"

Alimjibu, akatoka bila kutuaga. Nilipopita uani kwake jioni nilimkuta akikwangua zile karatasi kwa kucha, na madereva wake wakimwaga maji kwenye vioo, wakicheka.

Basi, mwanangu, chombo kitumie, kinasaidia kulinganisha neno na neno. Lakini kwanza uliza kimepima nchi ya nani. Kisha fungua mwenyewe ukurasa wa kwanza wa matokeo, uone waliokaa mbele kama kweli wanamjibu mtu wako. Na ukikuta sifuri, nenda ukawaulize watu; mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyuma ya neno unalotaka kulitupa huenda kuna mama na mifuko yake.

Mungu akupe macho ya Yaya Mado, na miguu yake pia, na simu ya mtu anayekutegemea isikose kulia.