Nilimtoa Mama Achol kwenye challenge ya vitabu kwa sababu hakuandika ripoti

Wakuu, ejok? Natumai mko salama huko mliko.

Hii stori nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naiweka kama ilivyotokea, na sehemu zinazonionyesha vibaya sitazipunguza. Majina nimebadilisha, langu pia. Niiteni Ekai.

Wiki iliyopita niliona hapa jukwaani watu wakipeana ratiba za kusoma na challenge za vitabu vya mwaka. Uzi mzuri kabisa. Wengi walichangamka. Mimi nilisoma comment mbili tatu nikazima simu.

Sababu ndiyo hii.

Mimi ni fundi wa solar, naishi Lodwar. Mwaka juzi mimi na Mwalimu Nakiru, mama mmoja anayefundisha sekondari hapa mjini, tulifungua grupu la wasomaji. Kwetu vitabu ni shida. Ukitaka kitu kisicho cha mtihani lazima uagize Kitale au Nairobi, usubiri.

Tulikuwa watu thelathini na kitu. Nusu Lodwar, nusu Kakuma, wenyeji na wakimbizi pamoja. Kitabu kimoja kila mwezi, vitabu kumi na viwili kwa mwaka. Nakala zilikuwa tano, zinazungushwa. Nikienda kazi Kakuma nilibeba za upande ule kwenye boksi la betri, naziacha kwenye duka la rafiki yangu, wenyewe wanakuja kuchukua. Kwa hiyo wengi wa Kakuma sikuwahi kuwaona kwa sura.

Kila Jumapili unaandika ripoti. Umefika ukurasa gani, na mistari mitatu ya ulichoelewa. Ukikosa ripoti tatu mfululizo, unatolewa.

Sheria hiyo niliitunga mimi. Na orodha ya alama nilikuwa naiweka mimi.

Sasa Mama Achol.

Huyu alikuwa mkimbizi kutoka South Sudan, mtu wa miaka hamsini na kitu. Shule hakuwahi kwenda utotoni. Alijifunza kusoma hapo kambini Kakuma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni la kina mama. Ripoti zake zilikuwa na makosa ya tahajia mpaka unacheka, lakini alichokuwa anakiona kwenye kitabu, sisi hatukukiona. Kitabu cha pili kilikuwa na mke anayemficha mumewe habari ya msiba. Sisi wote tuliandika ni mwongo. Mama Achol akaandika: "Huyu mama hajadanganya. Amebeba peke yake tu. Mzigo hii mimi najua."

Mpaka mwezi wa nne alikuwa namba moja. Mimi namba mbili.

Nakiri wakuu, iliniuma. Mimi nimemaliza diploma. Nilianzisha kitu changu mwenyewe halafu nikapitwa na mtu aliyeanza kusoma a-e-i-o-u akiwa na wajukuu. Sikumwambia mtu. Lakini kila Jumapili nilikuwa naangalia kwanza yeye amefika wapi.

Mwezi wa tano akaomba grupu tupunguze mwendo. "Tusome pole pole kidogo, tafadhali." Nikamjibu ratiba ni ratiba.

Mwezi wa sita akaanza kutuma sauti badala ya kuandika. Nikamwambia ripoti ni ya maandishi, sauti haihesabiki. Akatuma sauti tena wiki iliyofuata, na ya tatu pia. Alisema, "Admin, herufi zinakimbia. Nikishika mstari, herufi zinakimbia."

Nilisikia maneno hayo nikiwa juu ya paa la mtu nafunga panel, jua linanichoma. Nikashuka, nikaandika kwenye grupu:

"Herufi hazikimbii, Mama. Anayekimbia ni msomaji. Ripoti ya tatu hiyo, tutakukumbuka."

Nikasubiri kidogo kabla ya kumtoa.

Watu walicheka. Emoji za kulia kwa kicheko zikajaa, ndipo nikamtoa. Mwalimu Nakiru peke yake aliniandikia pembeni: "Umempigia simu kwanza?" Nikamwambia grupu lina sheria, tukianza kubembeleza hakuna atakayesoma.

Wiki ile nikawa namba moja. Nilifurahi, wakuu. Niliahidi ukweli, basi ndio huo.

Miezi miwili ikapita.

Nilienda kwake mwezi wa nane. Si kumjulia hali. Nilienda kuchukua kitabu. Nakala moja ya mwezi wa sita ilikuwa bado kwake na watu wa Kakuma walikuwa wanaiulizia.

Nilielekezwa na wenye duka. Kambi ni kubwa, unauliza block, unauliza tena. Upepo ulikuwa umeinua vumbi, watu wamejifunga leso usoni. Nikamkuta amekaa mlangoni kwake kwenye kiti cha plastiki, mrefu, mwembamba, kanga imefungwa vizuri begani.

"Nani?" akauliza. Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua tatu tu.

"Ni mimi Ekai, Mama. Admin wa vitabu."

"Admin!" Akainuka. Alinyoosha mkono kunisalimia, ukapita pembeni yangu. Nikaufuata nikaushika. "Karibu, karibu. Mimi nilifikiri Admin ni mzee."

Akanipa kiti. Akaingia ndani akigusa ukuta kwa vidole. Akarudi na kitabu amekifunga kwenye kitambaa safi, kama watu wanavyofunga Biblia.

"Kitabu iko sawa. Mimi nimefika ukurasa mia moja na nne. Huko mbele sijaona."

"Mama, macho yana nini?"

"Hii ya kulia imezima. Hii ingine naona kama natazama kwa tundu ya mlango. Katikati iko, pembeni hakuna."

"Tangu lini?"

"Tangu kitabu ya nne."

Nikamuuliza mbona hukusema. Swali la kijinga, najua. Akageuza kichwa upande, akinitafuta na lile jicho moja.

"Nilisema. Niliwaambia herufi zinakimbia."



Akaniambia alienda kliniki mwezi wa sita. Wakampima, wakamwambia ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone na kumwambia atatumiwa meseji ya siku ya kwenda kwa daktari mkubwa wa macho Lodwar. Matone yaliisha. Meseji hakuiona ikija.

Meseji hakuiona. Simu ilikuwa kwapani mwake muda wote huo.

"Hakuna jirani wa kukusomea, Mama?"

Akacheka kidogo, bila furaha. "Hapa block yote, mimi ndiyo nasomea watu. Barua, meseji, makaratasi ya ofisi. Wanakuja hapa kwangu. Sasa mimi nimpe nani simu yangu? Waseme Mama Achol amerudi gizani?" Binti yake mmoja, Achol, ameolewa Juba. Alikuwa amejifungua karibuni, naye hakutaka kumsumbua.

Halafu akanipa simu. "Wewe ni mtu wa kusoma. Nisomee."

Zilikuwa tatu kutoka kliniki. Ya kwanza, tarehe ya kumuona daktari Lodwar, mwanzoni mwa mwezi wa saba. Ya pili, ya kumkumbusha. Ya tatu, kwamba amekosa miadi yake na afike kliniki haraka.

Nilizisoma zote kwa sauti. Akauliza leo ni tarehe ngapi. Nikamwambia.

Ng'ambo mtu alikuwa anapiga bati kwa nyundo, akaacha, akaanza tena.

"Basi walinikumbuka," akasema. "Mimi nilikuwa nasema wamenisahau."

Wakuu, hospitali hiyo ya Lodwar na nyumba yangu ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Ningempigia simu mwezi wa sita, simu moja tu, ningejua. Ningefuatilia miadi mwenyewe.

Nilidhani hapo ndipo pabaya. Kulikuwa na pabaya zaidi.

"Sasa soma ya grupu," akasema. "Ile siku simu ililia sana. Nilijua watu wanaandika juu yangu. Walisema nini?"

Nikafungua. Ikatokea ya mwisho kabisa, ile yangu, na vicheko chini yake.

Nikadanganya.

"Wanakutakia afya njema, Mama. Wanasema upumzike."

"Wote?"

"Wote."

"Na wewe, Admin?"

"Na mimi pia."

Uso wake ulifunguka, wakuu. Akaingia ndani, akakaa huko muda, nikasikia vikombe. Akaniletea chai ya rangi yenye sukari nyingi, na mnajua hali ya chakula kambini siku hizi ilivyo. Nikainywa yote.

Nikamwambia nitamrekodia vitabu vilivyobaki kwa sauti, awe anasikiliza. Akakataa kwa upole.

"Kusomewa nimesomewa miaka arobaini. Mimi nilitaka kusoma mwenyewe."

Nilirudi Lodwar, nikamweleza Mwalimu Nakiru ya macho. Ya ile meseji sikumwambia siku hiyo. Tulihangaika. Mkimbizi hatoki kambini hivi hivi, lazima apate kibali, na hilo lilichukua wiki mbili. Tukamleta. Akafikia kwa Mwalimu.

Daktari alisema jicho la kulia limekwenda. La kushoto walilifanyia upasuaji ili kulinda kile kidogo kilichobaki. Alieleza wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Nilimfuata kwenye korido nikamuuliza, je, angekuja ile tarehe ya kwanza?

Aliniangalia. "Hakuna anayeweza kukwambia angeona kiasi gani. Lakini mapema ni mapema."

Siku ya tatu baada ya upasuaji Mwalimu Nakiru akaniita jikoni kwake.

"Yule mama anasema watu wa grupu ni wazuri sana, walimtakia afya njema. Mimi nilikuwa kwenye grupu, Ekai. Ulimwambia nini?"

Nikamwambia ukweli. Hakunipigia kelele. Alizima jiko.

"Nenda umwambie wewe, kabla hajasomewa na mtu mwingine."

Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta, jicho limefungwa bandeji. Nikapiga magoti chini kwenye mchanga. Nikamwambia, Mama, siku ile sikukusomea kilichoandikwa.

Hakushtuka. Akatoa simu. "Soma sasa. Yote."

Nikasoma. Herufi hazikimbii, Mama. Anayekimbia ni msomaji. Ripoti ya tatu hiyo, tutakukumbuka. Sauti yangu ilikatika, nikarudia kuanzia mwanzo kwa sababu alisema yote.

"Hiyo nani aliandika?"

"Mimi, Mama."

"Na wengine?"

"Walicheka."

"Wangapi?"

Nikahesabu kwa kidole kwenye kioo. "Kumi na tisa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea hesabu ya mifugo iliyokufa.

"Na ulikunywa chai yangu," akasema.

Niliomba msamaha. Niliomba mpaka maneno yakaisha. Aliniacha nimalize, kisha akaniomba nimwitie Mwalimu. Hakuniongelesha tena siku hizo zote alizokaa Lodwar. Siku ya kurudi Kakuma nilibeba begi lake mpaka kwenye gari. Alisema asante, vile unavyomwambia hamali.

Mwisho wa mwaka binti yake Achol alikuja, akavuka mpaka pale Nadapal na kumchukua mama yake kwenda Juba. Nilipata namba. Nilipiga mara nyingi. Achol alikuwa anapokea, "Mama amelala." Asubuhi amelala, saa kumi amelala. Mwezi wa pili mwaka huu akaniambia:

"Kaka Ekai, usipige tena. Hana hasira na wewe. Amesema tu hana kitu cha kuongea na wewe."

Sijapiga tena.

Mwalimu Nakiru anasema macho yanapona au hayaponi kwa mipango ya Mungu, nisijifanye mkubwa kiasi hicho. Labda. Lakini vijana wa kazini wakinitania kwamba ofa ya chai siku hizi naikataa, nawaambia ni tumbo.

Kwenye grupu niliungama mbele ya watu wote, nikajitoa. Kati ya wale kumi na tisa, wanne waliniandikia. Wengine walinyamaza, na siwalaumu, mimi ndiye niliyewapa cha kuchekea. Mwalimu sasa ana kagrupu kadogo ka watu tisa. Hakana alama. Wanasoma wanapoweza. Sijaomba kuingia.

Funzo langu mimi si kubwa. Ratiba ni nzuri, challenge ni nzuri, zinatusukuma. Ila nyuma ya kila jina kwenye ile orodha kuna mtu amekaa mahali, na wewe humuoni. Akinyamaza, mpigie simu. Akisema kitu cha ajabu, muulize ana maana gani. Na kama umemkosea, usimpunguzie makali ya kosa lako ili wewe ndiye ujisikie vizuri. Nilidhani namhurumia siku ile. Nilikuwa najihurumia.

Kuna mtu humu amewahi kukosewa hivi na akasamehe? Nini kilimfanya asamehe? Au aliyekosea kama mimi, aliishi nayo vipi?

Karibuni muandike chochote, hata matusi. Sitajitetea.