Nyanya na Muuaji wa Riwaya

Juzi nilitoka Kitale kwenda Bungoma kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Foleni haikusonga, basi nikatoka nje nikanunua riwaya ya upelelezi kwa muuza vitabu vya mitumba. Mimi si msomaji mkubwa, unanijua. Vitabu viwili kwa mwaka vinanitosha. Lakini maiti ilipookotwa tu kwenye ukurasa wa tatu, nilijikuta nimerudi utotoni, Ndalu kwa Nyanya, likizo ya Desemba, tukipukuchua mahindi uani.

Riwaya yangu ya kwanza niliazimwa na jirani, mama mwenye duka. Nyanya hakujua kusoma. Nilimsomea kwa sauti huku punje zikidondoka kwenye turubai na maharagwe yakinukia jikoni. Tajiri mmoja alikuwa ametiliwa sumu kwenye chai, na kila mtu nyumbani kwake, kuanzia mpishi hadi daktari wake, alikuwa na sababu ya kumchukia.

Siku ya pili Nyanya akasema, "Ni daktari. Mtu analiaje kabla hajaambiwa nani amekufa?"

Nilicheka. Kesho yake nikachungulia kurasa za mwisho: ni daktari kweli. Iliniuma. Mimi ndiye niliyekuwa na shule, na sikuwa nimemshuku hata kidogo. Kwa hiyo tulipofika mwisho nikasoma maneno ambayo hayakuwepo: muuaji ni mpishi.

Mikono ya Nyanya ikasimama. "Ati mpishi? Si ulisoma mwenyewe kwamba siku hiyo alikuwa sokoni?"

"Ndivyo walivyoandika, Nyanya."

"Haya, soma tena. Na macho yako yatembee. Saa ile yalikuwa yamesimama mahali pamoja."

Nikasoma tena, neno kwa neno. Daktari. Nilingoja kofi, lakini hakunipiga. Alikung'uta makapi kwenye leso yake akasema taratibu, "Umenidanganya kwa sababu sijui kusoma."

Siku mbili hakuniomba nimsomee. Ya tatu nilirudisha kitabu dukani, nikaazima kingine, nikaja kukaa ubavuni mwake. Nilikishika katikati yetu, kidole kikipita chini ya kila neno ili aone.  Alichukua hindi jingine akaanza kupukuchua, nami nikajua nimesamehewa.

Nyanya alishatuacha, na shamba liligawanywa. Siku hizi huko Ndalu mashine ya kupukuchua huja asubuhi, na kufikia saa sita mahindi yote yako kwenye magunia. Kazi imekuwa rahisi, sikatai. Ila kelele zake ni nyingi mno. Hata mtu akitaka kusomewa, hatasikia.