Kwaresima Niliyoacha Umbea

Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, jumuiya yetu ya Goba ilisali nyumbani kwangu. Huwa tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajatawanyika, na siku hiyo kila mmoja hutaja mbele ya wenzake kitu atakachokiacha Kwaresima nzima. Wa kwanza alisema soda. Wa pili nyama. Mzee mmoja akasema bia, na mkewe akamgeukia taratibu kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimepanga kusema sukari. Ilipofika zamu yangu, mtu wa nyuma akakohoa. Kikohozi kile nakijua. Ni cha mtu aliyewahi kufika mdomoni mwangu.

"Mie naacha umbea," nikasema.

Walicheka mpaka mtoto mchanga wa jirani akaamka. Mwenyekiti alijifuta macho, akauliza nina maana gani hasa. Hapo ndipo nilipojiponza. Ningeweza kujibu kwa kiasi, lakini hasira zilinipanda. Ualimu wa miaka ishirini na sita umenizoesha kuchekeshwa na wanafunzi, si kuchekwa na watu wazima wanaokula mihogo yangu.

"Maana yangu ni kwamba sitamzungumzia mtu yeyote asiyekuwepo, si kwa baya wala kwa zuri, mpaka Pasaka."

 Wakanipigia makofi. Nakiri kwamba makofi yale yalinikolea.

Ni vizuri msomaji ajue mimi nilikuwa nani mtaani. Ukitaka kujua nani amehamia, nani amehama, na kwa nini aliyehama alihama asubuhi na mapema, ulikuwa unaambiwa, nenda kwa Mwalimu. Sikuwahi kusema uongo. Hilo nalisisitiza. Nilitia chumvi, lakini chakula kilikuwa cha kweli.

Siku tano za mwanzo zilipita salama. Ya sita, shetani aliingia nyumbani kwangu saa kumi na moja jioni akiwa amevaa shati la mikono mifupi na kushika mkoba wa kazini. Alikuwa mume wangu. Yeye ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini kule Kurasini, na kwa miaka yote ya ndoa yetu amekuwa akijifanya hasikilizi habari zangu. Jioni ile alinipikia chai mwenyewe. Akaivutia stuli yake karibu na yangu.

"Hivi yule bwana wa kona," akaanza, "gari ameuza au limekamatwa?"

"Nimefunga, baba."

"Mie siulizi umbea. Naulizia usalama wa mtaa."

Nilikuwa nayajua yote ya gari lile, pamoja na alichosema mke wa huyo bwana siku lilipoondoka. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Tangu utotoni nilifundishwa kwamba vishawishi huja na pembe na moto. Sikuambiwa kwamba vinaweza kuja na chai ya tangawizi. Ofisini kwetu walimu walikuwa wanaacha kuongea nikiingia, halafu wanaanza upya kwa sauti ya juu kidogo ili nisikie. Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa ananiwekea simu yake mezani, imefunguka kwenye kundi la ujumbe, kisha anakwenda zake chooni. Nikaanza kutafuta upenyo, maana aliyefunga naye ana akili. Jumamosi ya pili, kwenye nia za sala, niliinama kwa unyenyekevu mkubwa nikasema:

"Tumwombee dada yetu wa nyumba yenye geti la bluu, ambaye mgeni wake sasa ana wiki ya tatu, Bwana anawajua wote wawili."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitikia, shingo zote zimegeuka kulitazama geti la bluu.

Baada ya sala mwenyekiti alinivuta pembeni. "Mwalimu, nia yako ya sala ina anwani kamili."

Niliona aibu. Sikuomba tena kwa sauti.

Basi Jumamosi ya tatu, jumuiya ilipokwisha kutawanyika, wakaja wanawake wawili mlangoni kwangu, wamevaa vitenge vya sare na viatu vya kutokea. Mmoja alikuwa mkubwa, ana mwili na sauti ya kuzoea wateja. Alijitambulisha kuwa ana duka la nafaka sokoni Tandale. Mwenzake alikuwa mdogo wake. Niliwakaribisha, nikawapa chai na mihogo.

"Tuna kijana wetu, mtoto wa kaka," mkubwa akasema. "Amempenda binti wa hapo ukuta wa pili, yule nesi wa zahanati. Tunataka kuleta barua ya posa kesho Jumapili. Ila sie kwetu hatupeleki barua kabla hatujauliza majirani. Tumeuliza hapo kwa muuza mkaa, tukaambiwa, mkitaka kumjua mtu wa huku nendeni kwa Mwalimu."

Kwa mtu kama mimi, kuulizwa na upande wa bwana harusi ni heshima kubwa. Na binti nilimjua. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja. Mume wangu alipougua sukari, ni yeye aliyekuwa akija kila asubuhi kabla ya kazi kumchoma sindano, na ukimpa hata ndizi anasema, "Acha tu, mama." Lakini niliyakumbuka yale makofi. Niliikumbuka ahadi yangu, kwa baya wala kwa zuri.

"Dada zangu," nikasema, mikono nimeikunja mapajani, "nimefunga. Siwezi kumzungumzia mtu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja. Mniombee."

Wakatazamana. Mdogo mtu akaweka kikombe chini bila kumaliza. Waliniaga kwa sauti za msibani, na mimi nikabaki mlangoni nimejaa utakatifu mpaka kooni.

Jioni nilimsimulia mume wangu, nikisubiri pongezi. Hakupongeza. Alitua kijiko.

"Walikuuliza wewe, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Wewe?"

Lile "wewe" la pili ndilo lililonizindua. Mtu mkimya akinyamaza, amenyamaza tu. Mimi nikinyamaza, watu wanajiuliza ni jambo gani hilo la kutisha ambalo hata Mwalimu wa Goba ameogopa kulitamka.

Jumatatu asubuhi nilimwona mama wa binti akianika nguo. Alijibu salamu yangu bila kugeuka. Barua iliyokuwa iletwe Jumapili haikuletwa, na hakukuja hata wa kuomba radhi. Binti mwenyewe alipita akienda kazini, sare nyeupe imepigwa pasi, macho yamevimba. "Shikamoo, mama," akasema. Nikaitikia marahaba kwa shida.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia Tandale siku ileile. Sikukimbia. Nilikaa na ile habari siku mbili, na ndani ya siku hizo nilisikia sauti moja nzuri sana, yenye Kiswahili fasaha, ikiniambia nisubiri mpaka Pasaka. Ahadi kwa Mungu ni ahadi. Umebakiza wiki tatu na ushee. Watu wameanza kukuheshimu. Kama wanapendana kweli, watavumilia. Sauti ile ilinukuu mpaka katekisimu. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni ileile iliyokuwa ikiniambia zamani, "Mwambie tu huyu mmoja, hatasema." Imebadilisha nguo tu. Utamu niliokuwa nausikia nikisema habari za watu ndio uleule niliokuwa nausikia nikikaa kimya na kusifiwa. Nililia, kusema ukweli. Nilijichukia.

Jumatano baada ya vipindi nikaenda Tandale. Nilimkuta shangazi wa kijana amekaa kati ya magunia ya maharage, anapimia mteja. Alinitazama juu mpaka chini.

"Nimekuja kumsema yule binti," nikasema. "Ni mtoto mzuri. Ana adabu, ni mchapakazi, ana huruma."

Akaendelea kupimia. "Juzi ulikuwa umefunga. Leo mama yake amekupa nini?"

Nilimweleza habari ya sindano. Nilimweleza habari ya ndizi. Akasema sindano ni kazi yake, si tabia. Nilitafuta la kuongeza, na hapo nikagundua jambo la ajabu: mimi, niliyeweza kuisimulia ndoa ya mtu kwa saa mbili bila kunywa maji, nilikuwa nimeishiwa. Sikuwa na mazoezi. Kumsema mtu kwa wema nilikuwa sijui pa kuanzia wala pa kutia chumvi. Wateja walianza kusogea. Muuza dagaa wa jirani alizima redio yake.

Nikavuta pumzi.

"Dada, nisikilize. Mie ni mmbea."

"Nini?"

"Mmbea. Uliza Goba nzima. Hakuna nyumba pale sijaisema. Mwenyekiti wangu wa jumuiya nimemsema. Mume wangu nimemsema na bado naishi naye. Nimekaa na binti yule ukuta mmoja miaka kumi na moja, na ukuta wenyewe mfupi. Angekuwa na doa hata la chai, muuza mkaa angekuambia siku ileile, maana angekuwa ameshalisikia kwangu. Sijawahi kumsema kwa sababu sikupata kitu. Nilitafuta! Nakuapia nilitafuta."

Muuza dagaa ndiye aliyeanza kucheka. Kisha mpimiwa maharage. Mwisho shangazi mtu mwenyewe, mpaka akashikilia gunia.

"Hiyo," akasema, "ndiyo barua ya sifa niliyoitaka."

Habari za Mwalimu aliyejitangaza mmbea sokoni zilifika Goba kabla yangu. Kwenye jumuiya hakuna aliyenipigia makofi. Mwenyekiti aliniuliza kama nimevunja mfungo, nikasema ndiyo, nimeuvunja, na nitauanza upya leo, ila safari hii naacha mabaya tu. Mtu wa nyuma akakohoa.

Barua ililetwa Jumapili iliyofuata. Kesho yake binti alikuja na kile kipimo chake cha presha, kama anavyofanya kila mwezi, akanifunga kitambaa mkononi. Alikuwa anatabasamu peke yake.

"Mama, shangazi yake ameniambia ulikwenda mpaka Tandale kunisifia," akasema. "Mie nilikuwa najuaga hata hunijui vizuri. Miaka yote hii sijawahi kusikia umenitaja."

Nilitaka kuzungumza. Hakuwa anajua kwamba barua ilichelewa kwa sababu yangu, na mama yake hakuwa na uhakika. Ningeweza kuiacha sifa ile ikae kwangu, ilikuwa tamu na hakuna ambaye angeidai. Nikafungua mdomo.

"Usiongee, mama," akasema, akibonyeza mpira. "Ukiongea presha inasoma vibaya."

Nikatii. Nilikaa kimya nikimtazama akihesabu, mpaka hewa yote ikaisha na kitambaa kikalegea. Kisha nikamwambia yote, kuanzia ile chai na mihogo.